Tumbo Limekugeuka Usiku? Hizi Hapa Mbinu za Kujituliza Kejani, na Zile za Kuachana Nazo

Unajua venye huanza. Jioni ulikuwa fiti kabisa, umepiga dishi, umecheki mechi, umelala. Saa nane usiku unaamka na jasho baridi, mate yanajaa mdomoni, na kabla hujapata slipas tayari unakimbilia choo. Saa moja baadaye hujui kama ukae ama uiname. Na kama ploti yenu ina choo kimoja cha nyumba sita, manze, pole sana.

Hiyo ndiyo wasee wengi huita flu ya tumbo. Madaktari wanaijua kama gastroenteraitisi, yaani tumbo na utumbo vimevurugwa na kuvimba ndani. Haina uhusiano wowote na flu ile ya kukohoa na kupiga chafya. Kwa watu wazima mara nyingi mhusika ni kirusi kinaitwa norovirus, jina lililotokana na mji wa Norwalk kule Ohio, Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule moja waliangushwa nacho mwaka wa 1968. Kwa watoto wadogo, rotavirus ndiye amekuwa mkubwa wa kazi hii kwa miaka mingi.

Kitu kimoja kabla uanze kulaumu watu. Norovirus huchukua kama masaa 12 hadi 48 tangu ikuingie mpaka ikuangushe. Kwa hivyo yule jamaa wa smokie uliyemnunulia jioni hiyo pengine hana hatia. Inaweza kuwa ni salamu ya mkono ya juzi, kikombe mlichoshare kazini, ama kachumbari ya jana yake. Lakini kama mlikula kitu kimoja mbogi nzima, na ndani ya masaa machache nyote mnatapika, hapo kweli shuku chakula. Kuna bakteria ambazo huacha sumu kwenye dishi lililokaa nje sana, na hiyo sumu haingoji kesho.

Hii sio homa ya matumbo

Hapa watu wengi hupotea, na wanapoteza doh. Ukisema "homa ya tumbo" kwa Kiswahili chetu, mtu wa kemisti anasikia homa ya matumbo, yaani taifodi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Taifodi huletwa na bakteria, hupanda polepole, na homa yake hukaa siku nyingi ikizidi kila uchao. Flu ya tumbo huja kwa kishindo na kwa watu wengi huisha ndani ya siku moja hadi tatu.

Shida ni kwamba mtaani kila tumbo likiuma unaambiwa "una taifodi" ama "una ameba", unadungwa kidole, unapewa karatasi, na unatoka na mfuko wa vidonge. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Widal, ambacho ni cha tangu 1896. Kinaweza kusoma kwamba unayo hata kama uliwahi kuugua zamani ama ulichanjwa. Jibu la uhakika zaidi hutoka kwa kuotesha damu kwenye maabara. Ukianza kutapika usiku wa leo na kesho asubuhi mtu akuambie ni taifodi kwa tone moja la damu, uliza maswali kabla utoe M-Pesa.

Maji, chumvi na sukari

Sikia hii vizuri, juu ndiyo dawa yenyewe. Hakuna kitu cha nyumbani kinaua norovirus. Mwili wako ndio utaifukuza. Kazi yako wewe ni kuhakikisha haukauki wakati vita vinaendelea. Kinachoua watu kwenye kuhara ni maji na chumvi zinazotoka nacho.

Maji matupu yanasaidia, lakini ukiwa unaendesha sana hayatoshi. Utumbo una kamlango kadogo kanakopitisha chumvi na glukosi zikiwa pamoja, na zikishaingia maji yanafuata nyuma. Hako kamlango huendelea kufanya kazi hata wakati kila kitu kingine kimeharibika. Ndiyo maana pakiti ya ORS, ile poda ya bei ya chini kuliko nauli ya mat ya kwenda tao, ina nguvu kuliko vidonge vingi vya bei.

Story yake ni noma. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi walifurika mji wa Bangaon upande wa India na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikawa zinaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, watu wakachota na kunywesha wagonjwa wao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Mwaka wa 1978 jarida la The Lancet likaandika kwamba ugunduzi wa namna hii ya kutumia chumvi na sukari huenda ndio mkubwa zaidi wa kitabibu wa karne hiyo. Na wewe uko hapo unaidharau kwa sababu ina ladha ya machozi.

Kama una pakiti, soma nyuma yake kwanza. Nyingine ni za maji lita moja, nyingine nusu lita. Usikadirie na kikombe. Na usiongeze sukari ati ndio inyweke.

Kama ni saa nane usiku na kemisti zote zimefungwa, hii hapa ya kejani:

Maji safi lita 1. Sukari vijiko 6 vya chai. Chumvi nusu kijiko cha chai.

Vijiko viwe vimesawazishwa juu, sio vya mlima. Kijiko ni kile kidogo cha kukoroga chai, sio cha kulia wali. Huna chombo cha kupimia lita? Chupa mbili za maji za 500ml zinamaliza kazi. Koroga mpaka kila kitu kiyeyuke, halafu onja. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya, juu chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Ikikaa masaa 24, mwaga utengeneze nyingine.

Kuhusu maji yenyewe: yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1. Walioko Eldoret, Limuru, Nyahururu na sehemu zingine za juu, acha yatokote dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hii ya mtungi uliojazwa na mkokoteni wakati wa mgao usiiamini kwa macho. Kama gesi imeisha, dawa ya kutibu maji ya dukani itasaidia, ukifuata maelezo ya kwenye chupa.

Sasa namna ya kuinywa

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni hili: umetapika, koo limekauka, unashika jagi unapiga nusu lita kwa mkupuo. Dakika tano baadaye imerudi yote, na unasema "hata maji hayakai." Yangekaa, ila tumbo bado lina hasira.

Ukishatapika, tulia kama dakika 10 hadi 15. Usiguse kitu. Halafu anza na kijiko kimoja ama funda dogo kila baada ya dakika chache. Ndiyo, inaboesha. Cheki simu ukiendelea. Kama kijiko kinakaa kwa nusu saa, ongeza kiwe viwili, kisha mafunda makubwa. Ikirudi, pumzika tena uanze chini. Ikianza kutulia, kunywa kama glasi moja kila unapotoka choo.

Baridi kidogo huenda chini vizuri kuliko ya moto. Mwenye friji anaweza kugandisha ORS na kunyonya barafu yake polepole, na hii husaidia sana kwa wale ambao harufu tu ya kikombe inawaletea kichefuchefu.

Soda je?

Hii imani ya kwamba soda iliyotolewa gesi hutuliza tumbo ni ya zamani na bado iko kila mtaa. Wacha tupige hesabu. Soda ya kawaida ya 300ml ina karibu gramu 30 za sukari. Yaani lita moja inabeba kama gramu 100. ORS ya kawaida ina glukosi gramu 13.5 tu kwa lita, na ina chumvi ambayo soda karibu haina kabisa. Sukari ikizidi ndani ya utumbo inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta huko ndani, na unajua yatatokea wapi. Vinywaji vya glukosi na vile vya kuongeza nguvu viko kwenye kapu hilo hilo. Kama huna kingine kabisa, na wewe ni mtu mzima ambaye hajazidiwa, funda la soda halitakuua, lakini usiite dawa.

Wa Mombasa na Kilifi mtauliza dafu. Dafu ni poa, lina potasiamu ya kutosha, ila sodiamu yake ni kidogo. Kunywa, lakini lisichukue nafasi ya ORS kama unaendesha sana.

Tangawizi, majani ya mpera na zile za shosho

Tangawizi ina heshima yake. Kuna utafiti, mwingi wake ukiwa kwa wamama wajawazito, unaoonyesha inapunguza kichefuchefu. Kata vipande vichache vya mbichi, mimina maji moto, acha dakika 10, kunywa polepole ikipoa. Ile dawa ya ndimu, asali na tangawizi tunayopenda wakati wa mafua, punguza ndimu, juu asidi kwenye tumbo lililochubuka inachoma. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali, kwa vyovyote.

Chai ya majani ya mpera imetumika na mashosho kutoka Afrika hadi Mexico na Asia kwa kuhara, na kwenye maabara majani hayo yanaonekana kutuliza mikazo ya utumbo. Kikombe kimoja chepesi kwa mtu mzima si tatizo. Lakini kikombe hicho hakirudishi chumvi uliyopoteza, kwa hivyo kinakuja juu ya ORS, sio badala yake.

Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo na kuwekwa tumboni inapunguza ile mikazo ya kukunja mtu katikati. Hii ni ya bure na inafanya kazi.

Kumeza makaa ya jiko yaliyosagwa? Zii. Kunywa maji ya Jik kidogo "kuua wadudu"? Zii mara mia.

Dishi

Siku za kale mgonjwa alikuwa anafungishwa njaa mpaka tumbo "lipumzike". Siku hizi ushauri ni kinyume: ukiona unaweza kula, kula. Utumbo unahitaji chakula ili ujikarabati. Huna hamu saa za kwanza? Hakuna shida, endelea na maji.

Anza na vitu visivyo na makelele. Uji mwepesi wa wimbi ama mahindi, wenye chumvi kidogo, ni namba moja kwa maoni yangu, juu unakupa maji na wanga kwa wakati mmoja. Wali uliopikwa ukalainika, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, mkate mkavu, supu ya kuku iliyotolewa mafuta, ugali laini na mchuzi mwepesi. Maji yaliyobaki baada ya kuchemsha mchele, yatie chumvi kidogo, usimwage.

Achana kwanza na chipo, mutura, bhajia, pilipili, maharagwe, kahawa na pombe. Chai ya maziwa pia ingoje siku chache. Virusi huchubua ile sehemu ya utumbo inayosaga sukari ya maziwa, ndiyo maana mtu anapona halafu anapiga chai asubuhi na story inaanza upya. Mala huwa rahisi kuvumilia kuliko maziwa fresh. Na wale wa muguka na miraa, mwili wenye upungufu wa maji ukiongezewa kitu cha kukimbiza moyo, huo ni utani mbaya.

Vidonge vya kwenye droo

Kuna mtu atakuambia "meza Flagyl". Hiyo ni dawa ya ameba, giardia na bakteria fulani. Kirusi hakiijui hata kidogo, na moja ya madhara yake ni kichefuchefu, yaani unaongeza ulichokuwa unakimbia. Antibayotiki nyingine pia ni hivyo hivyo kama shida ni virusi.

Dawa za kufunga tumbo kama loperamide zinaweza kusaidia mtu mzima ambaye lazima asafiri. Usizitumie kama kuna damu kwenye choo ama homa kali, na usimpe mtoto. Kwa homa na maumivu, paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi. Ibuprofen na diclofenac ziache kwanza: zinachoma tumbo, na figo zako tayari zinahangaika na uhaba wa maji.

Hii nyingine haitajwi sana na inafaa kutajwa. Kama unatumia tembe za kila siku za kupanga uzazi na umetapika ndani ya masaa 3 baada ya kumeza, ihesabu kama hukumeza, meza nyingine. Ukiendesha vibaya kwa zaidi ya siku moja, ulinzi unapungua, kwa hivyo tumia kondomu na ufuate maelezo ya pakiti. Ulimeza P2 ukatapika ndani ya masaa hayo matatu? Rudi kemisti mapema. Na anayetumia ARV ama dawa za kisukari, presha au kifafa asiamue mwenyewe kuacha. Piga simu kliniki yako uwaambie kila kitu kinarudi.

Kama mgonjwa ni mtoto

Watoto hukauka haraka kuliko sisi. ORS tangu choo cha kwanza: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko, polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi. Uliza pia zinki, ambayo hutolewa pamoja na ORS: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, ama miligramu 10 kama hajafika miezi 6. Inapunguza muda wa kuhara. Chanjo ya rotavirus iko kwenye ratiba ya serikali tangu Julai 2014 na ni bure kwenye hospitali za umma, ila hutolewa akiwa na wiki chache tu, usikose kliniki.

Wakati wa kutoka kejani kwenda hosi

Hapa usijifanye gangari. Nenda kama kuna damu kwenye choo ama kwenye matapishi, homa imepita nyuzi 39, hujakojoa kwa masaa 8 ama mkojo umekuwa rangi ya chai ya strungi, unasimama unaona giza, hata vijiko havikai kwa siku nzima, ama maumivu yamekaa sehemu moja ya tumbo na yanazidi. Mjamzito, mzee, mtoto mchanga na mwenye kinga ya chini wasingoje hata nusu ya hayo. Mtoto mwenye macho yaliyozama, anayelia bila machozi, ama aliyelegea hadi hataki kunyonya, beba sasa hivi.

Na choo kikiwa maji matupu meupe kama ya kuosha mchele, kikitoka kwa wingi bila kukatika, hiyo shuku kipindupindu. Kenya ilipata mlipuko mkubwa ulioanza Oktoba 2022, Nairobi ikiwemo. Kinaweza kumaliza mtu ndani ya masaa machache. Endelea kunywa ORS ukiwa njiani, usisubiri kufika.

Unaishi solo? Tuma meseji kwa beshte ama jirani ukianza tu kutapika: "Niko mgonjwa, nicheki kila masaa matatu, nisiposhika kuja." Mwachie funguo ya pili. Mtu akikaukiwa sana huchanganyikiwa, na anaweza kukosa nguvu ya kufungua mlango ama hata kujua kwamba amezidiwa.

Usiambukize ploti nzima

Sanitaiza ya alkoholi haifanyi kazi vizuri kwa norovirus. Ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila ukitoka choo na kabla uguse chakula. Ukitapika sakafuni ama kuchafua choo, vaa glavu ama karatasi za nailoni mkononi, futa kwanza, halafu mwagia Jik iliyochanganywa: kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 9 vya maji, iache dakika 5 hadi 10, ndipo usuuze. Fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na sabuni nyingine ya choo juu moshi wake ni sumu. Shika pia kitasa cha mlango, swichi, mfereji na simu yako, ingawa hiyo simu ipanguse tu na kitambaa chenye unyevu kidogo.

Usipikie watu, usikate kachumbari ya mbogi na usirudi kazini kama unauza chakula mpaka yapite masaa 48 tangu uache kutapika na kuendesha. Hata baada ya hapo kirusi hicho huendelea kutoka kwenye choo kwa wiki mbili ama zaidi, kwa hivyo hiyo sabuni ya mlangoni pa choo iache hapo hapo.